Toleo la Arobaini na Moja

Wameniwekea meza chini ya dirisha lisilofunga,
na magazeti nayabana kwa mawe.
Mawe, Mwanza, hayajawahi kuadimika.
Bi Kwandu, mtunza kumbukumbu, ameniuliza mara mbili
natafuta nini hasa. Nikamwambia: mkoa.
Akacheka. "Mkoa uko nje, toka uutazame."

*Kengele ya Nyanza*. Kurasa nne, senti kumi,
kila Ijumaa, ila karatasi zikikwama Tabora relini.
Mhariri Alfonsi Bwire, Mkerewe, mkali wa nukta.
Ukurasa wa kwanza, bei ya pamba.
Wa pili, bei ya pamba na walioikasirikia.
Wa tatu, fahali amepotea Misungwi,
ana baka jeusi shavuni, akiitwa huitika.

Kisha mwaka wa hamsini na sita ng'ombe wakafa wote.
Si ugonjwa. Kisanduku cha herufi kiliishiwa
kile kijimkia kinachokaa begani mwa ng',
na kwa miezi tisa kanda nzima ikafuga *ngombe*,
ikavuka kwenda *ngambo*.
Ndaki Masalu wa Nassa akaandika barua,
nayo ikachapwa kwa herufi zilizokuwapo:
*Bwana Mhariri, ngombe ni mnyama gani?
Mimi sina ngombe. Mimi nina ngombe.*
Chini yake Bwire, kwa neno moja: *Tumeagiza.*

Nimecheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.

Lakini nilikuja kutafuta "sisi".
Hapa ni *raia wa Jimbo la Ziwa*,
pale ni *wakulima wetu*, mwaka wa njaa ni *hao*.
Hata Usukuma: sukuma ni kaskazini tu.
Mtu aliyesimama kusini alinyoosha kidole,
nasi tukaishi kwenye ncha ya kidole chake.
Na Nyanza ni ziwa, basi asemaye Ziwa Nyanza
anasema ziwa ziwa,
kama mtoto aliyeamka na kiu.
Mama yangu Mzinza, baba wa Maswa, mimi wa Pasiansi.
Dar naitwa Msukuma. Maswa naitwa wa mjini.
Pasiansi naitwa kwa jina la duka la baba.

Toleo la arobaini na moja halimo.
Arobaini lipo, arobaini na mbili lipo,
na ndani yake barua kumi na mbili za kujibu
tahariri ya wiki iliyotangulia, *Sisi ni Nani?*
Mmoja anapongeza. Mmoja anataka arudishiwe ada yake.
Mwalimu wa Sengerema anasema swali hilo
waulizwe wavuvi, wao hawana mpaka.
Mmoja anaulizia mwavuli aliousahau ofisini.
Nina majibu yote. Swali lilifungia karanga.

"Nenda Nansio," akasema Bi Kwandu siku ya tisa,
bila kuinua macho kwenye ufumaji wake.
"Bwire aliacha mpwa."

Ferista ana miaka themanini na sanduku la bati.
Tulitoa vitenge kimoja kimoja, naftalini ikituliza machozi,
akinieleza kila kimoja kilikuwa cha msiba gani.
Chini kabisa, limebandikwa kwa uji wa muhogo,
limekuwa na rangi ya chai: toleo la arobaini na moja.
Nikapiga magoti. Safu ya kwanza, mstari wa saba:
*Kwa hiyo tuseme bila aibu kwamba sisi ni watu wa*

na hapo mende walikuwa wamekula.
Tundu la upana wa kucha.
Kupitia tundu nikaona bati,
na kwenye bati kutu, na ukungu wa uso wangu.
Nilihesabu: herufi sita, labda saba.
Ziwa haitoshi kujaza. Tanganyika haiingii.
*Ng'ambo* ingeingia, kama kijimkia kilikuwa kimefika.

"Libandue, chukua," Ferista akasema,
"ila nibandikie jingine, kutu isile vitenge."
Mkobani nilikuwa na gazeti la juzi.
Nikalitandaza, nikalilainisha pembeni kwa kiganja,
ukurasa wa kwanza ukitazama juu.
Ulikuwa na bei ya pamba.